Mlango wa Bibi Aisha na Mtu Atokaye Gerezani

 

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wausomao waraka huu wa darsa huenda wakauliza: Suna ni wapi, nasi tuna nini na mambo ya huko? Suna ni nchi ya mji wa Migori, katika njia kuu itokayo Kisii na kuteremka mpaka Isebania, kwenye mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo, Wasuba na Wakuria ni jirani zao, na Waislamu ni wachache: Wajaluo waliosilimu, Wanubi, Wasomali wafanyao biashara, na watu wa mwambao waliofuata riziki huku bara. Mimi ni mmoja katika hao wa mwisho. Na mtu nitakayewasimulia khabari zake pia ni wa mwambao, na nyumba yao iko huko kwenu. Kwa hivyo jambo hili, ingawa limetukia Suna, nusu yake ni lenu.

Ijumaa moja mwaka huu, watu walipokwisha kutoka msikitini, alinijia kijana wa miaka thelathini hivi, ana mfuko wa plastiki mkononi, na ndani yake kanzu moja na karatasi za gereza. Alinitolea salamu kwa lafudhi ya kwetu, nami nikafurahi kuisikia. Kisha akanambia: “Sheikh, mimi nimetoka jana gerezani hapa Migori. Naomba pa kulala.” Alikuwa utingo wa lori liletalo bidhaa kutoka Mombasa. Siku moja, yeye na mwenziwe waliteremsha usiku katoni za mafuta ya kupikia wakaziuza njiani, na mwenye mali alikuwa ni mfanyabiashara wa mji huu huu, Mwislamu, ambaye husali nasi safu ya kwanza. Akahukumiwa miaka 3, akakaa 2, kwani sheria ya magereza ya Kenya humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mwema theluthi ya kifungo chake.

Alikuwa amekwisha kupiga simu kwao. Kaka yake alimjibu kwa upole, wala hakumtukana. Alimwambia asije kwanza mpaka arusi ya mdogo wao wa kike ipite, maana wakwe hawajui kwamba bibi arusi ana ndugu aliyefungwa.

Basi tukampa pembe moja ya msikiti alale. Alikuwa akiamka kabla ya mwadhini, akifagia, akijaza maji ya kutawadhia. Usiku wa tisa yakapotea makubadhi ya mtu mmoja baada ya Sala ya Isha. Siku ya pili kikao kikakutana, na maneno hayakuwa mengi. Hakuna aliyesema kuwa amemwona akiiba. Walisema tu, “Si ajulikana?” Akaambiwa achukue mfuko wake. Siku mbili baadaye makubadhi yakarudi: aliyeyavaa ni mzee mmoja katika majirani zetu, macho yake yamepungua, na yake mwenyewe yalikuwa yamebaki mlangoni pale pale, hayana mwenyewe, na hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Mimi nilikuwamo katika kikao kile, na nilinyamaza. Naliandika hili kwa sababu nitakayoyasema hapa chini nayasema kwanza mbele ya nafsi yangu. Mtu aliyesoma vitabu kwa mashekhe miaka kumi na mbili, akajua hukumu ya jambo, kisha akanyamaza kwa kuwachelea wenye msikiti, ilmu yake hiyo itakuja kumdai.

Nilimtafuta siku tatu. Nikamkuta kwenye kituo cha magari, anapakua magunia, na usiku hulala katika baraza ya duka pamoja na mlinzi. Nilimtaka radhi. Hakunilaumu. Alinambia neno moja ambalo halijanitoka: “Jela, Sheikh, niliambiwa siku ya kutoka. Huku nje sijaambiwa.”

Ndugu zangu, hebu tulizingatie neno hili. Hakimu aliyemhukumu alitaja idadi: miaka mitatu. Sheria ikaipunguza, ikawa miwili. Sisi je, tumemhukumu mingapi? Hukumu yetu haina idadi, haina rufani, wala haina theluthi ya msamaha. Nani aliyetupa ukadhi huo?

Hakuna khatibu asiyeijua hadithi ya yule mwanamke wa Bani Makhzum, aliyeiba katika zama za Bwana Mtume s.a.w. Jamaa zake walikuwa watukufu wa Makureshi, wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zaid amwombee. Mtume akakasirika, akawaambia watu kwamba waliokuwa kabla yao waliangamia kwa kuwaacha wakubwa waibapo na kuwaadhibu wanyonge, na akaapa kwamba lau angaliiba Fatima binti yake mwenyewe, angaliukata mkono wake. Hukumu ikapita. Nusu hii ya hadithi tunaihutubu juu ya mimbari kila mwaka, na ni haki kuihutubu, khasa katika nchi ambayo mwizi wa kuku hufungwa na mwizi wa hazina ya umma hutembea.

Walakini hadithi haikwishia hapo, na nusu ya pili tumeiacha vitabuni. Imo katika Bukhari na Muslim, nayo yatoka kwa Bibi Aisha mwenyewe (r.a.). Asema kwamba mwanamke yule alitubia baadaye, na toba yake ikawa njema, na akaolewa. Na alikuwa akija kwake, na yeye Bibi Aisha akiyapeleka mahitaji yake kwa Mtume s.a.w.

Tazameni kila neno. Aliolewa: maana yake alikuwako mwanamume katika mji wa Madina aliyempeleka posa, na walikuwako watu waliohudhuria. Na alikuwa akija: si mara moja, bali ni mazoea. Na alikuwa na mahitaji, kama walivyo watu wote, na mahitaji hayo yalipokewa. Na yalipokewa wapi? Hakupelekwa kwa jamaa wa mbali asiye na cheo cha kupoteza. Alipokewa katika nyumba ya Mtume mwenyewe, aliyetoa hukumu. Na tukumbuke kuwa kijana wetu wa Suna, akitaka, aweza kuficha karatasi zake katika mfuko. Mwanamke yule kosa lake lilikuwa limeandikwa mwilini. Kila alipobisha hodi alibisha na mkono uliokatwa, na mlango ulifunguliwa.

Tena aliletwa mlevi mbele ya Mtume, akapigwa. Alipokwisha kupigwa, mtu mmoja akamwombea hizaya. Mtume akawakataza, akawaambia wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Akamwita ndugu siku ile ile, na mgongo wake haujapoa.

Najua jibu litakalotolewa, kwani nimelisikia mara nyingi barazani. “Sheikh, maneno ya vitabu ni mazuri, lakini sisi ndio tunaoibiwa.” Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Ni kweli, na dini yetu haikumwamuru mtu awe mjinga. Lakini tuwaulize mafakihi, kwa kuwa jambo hili walilipima kabla yetu. Wamesema katika mlango wa ushahidi, na Imam Nawawi ameliweka katika Minhaj isomwayo katika darsa zetu zote za mwambao, kwamba mtu fasiki akitubia huangaliwa muda unaotosha kuonyesha ukweli wa toba yake, na wengi wao wameukadiria muda huo kuwa ni mwaka mmoja, kwa kuwa katika mwaka hupita majira yote. Basi idadi ndiyo hiyo, kwa anayeitaka. Na mwaka huo ni kwa ajili ya ushahidi na mambo yaliyo mfano wake, ambayo kwayo haki za watu hukatwa. Mkichelea kumpa funguo za sanduku la msikiti, msimpe. Wala asiwe mweka hazina wa chama cha arusi. Lakini ni kitabu gani kilichosema kuwa kuitikia salamu yake hungoja mwaka? Au kumpa nafasi katika safu, au kumpa sahani ya wali, au kumtaka ushahidi mtu anayemtuhumu kwa makubadhi? Hayo hayangoji hata siku moja.

Na wako wanaotaka wamfukize ubani kwanza na kumchinjia mbuzi kizingitini kabla hajaingia, ati aondokewe na nuksi ya jela. Huo ni upuuzi usio na asili, na laiti mbuzi huyo angeliuzwa, akapewa thamani yake anunue randa na msumeno.

Sasa niseme upande wa huyu mwenye kurudi, ili asidhani kuwa tumemtandikia zulia. Toba katika haki ya mja mwenziwe haitimii kwa machozi. Ni lazima arudishe alichochukua au athamini chake, au atake radhi kwa mwenyewe. Kufungwa kumelipa haki ya serikali; hakukulipa katoni za mafuta. Mfanyabiashara wetu alikuwa amekaa miaka miwili akimwona hakimu amemhukumu mwizi wake, na yeye hakupata hata senti. Tukisema habari za huruma na tukamsahau aliyeibiwa, tumedhulumu, na aliyedhulumiwa akiona hivyo moyo wake haufunguki.

Basi tulikwenda kwake, watu watano, na kijana yuko nasi. Hakutaka kumtazama. Akasema: “Mali yangu naitaka. Lakini alale barabarani, hilo sikulitaka.” Tukahesabu deni. Tukamweleza kwamba katika wanane waliotajwa katika Surat Tawba kuwa wapewe zaka wamo wenye madeni, na kwamba katika madhehebu yetu aliyekopa kwa ajili ya maasi hapewi, isipokuwa akitubia. Na kauli iliyo sahihi zaidi kwa Imam Nawawi ni kwamba akitubia hupewa. Ilikuwa ni mas’ala niliyoisomesha miaka mingi, na sikupata hata siku moja kuona mtu akipewa zaka kwa njia hiyo. Zaka zetu hugawanywa shilingi shilingi kwa wanaokuja mlangoni siku za Ramadhani, mpaka hazimwondoshei mtu yeyote shida yoyote. Tukakubaliana kijana alipe sehemu moja kwa kazi yake, na sehemu nyingine itoke katika zaka. Mwenye mali akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Serikali imemsamehe theluthi. Na mimi theluthi yangu nimemsamehe.” Akampa mkono.

Palibaki kazi, na hapo ndipo penye dhiki kuliko pote. Siku hizi akitaka kuandikwa kazi huulizwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na cheti hicho hutafutwa kwa alama za vidole, na vidole vyake vimo daftarini. Amejifunza useremala gerezani, na mkono wake ni mzuri, nimeuona. Lakini milango ya makampuni na ofisi imefungwa kabla hajafika. Ni ipi iliyobaki? Ni yetu sisi: maduka yetu, malori yetu, karakana zetu, mahali ambapo mtu huajiriwa kwa neno la mtu anayemjua. Na sisi nasi tukimtaka cheti, tumemrudisha kwa wale wenziwe wa usiku, ambao wao hawaombi cheti. Njia ya Isebania haikosi mwenye gunia la bangi anayetafuta kijana mwenye nguvu asiye na wa kumwuliza.

Wazee wa Mombasa watakumbuka kwamba Ngome yao ilikuwa jela tangu mwaka 1895 mpaka 1958. Mfungwa alikuwa hatua chache tu na nyumba za Mji wa Kale; adhana aliyoisikia ni ile ile ya nduguze. Leo magereza yako mbali na macho ya watu, na aliye mbali na macho huwa rahisi kusahauliwa. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, mahakama ziliwatoa wafungwa zaidi ya 4,000 wa makosa madogo ili kupunguza msongamano. Milango ilifunguliwa kwa majuma machache, na safari za kuingia na kutoka katika baadhi ya majimbo zilikuwa zimezuiwa. Je, katika misikiti yetu iko mingapi iliyouliza wanakwenda wapi?

Na katika kusahau huku, hebu tuisome Surat Yusuf kwa jicho jingine. Nabii Yusuf a.s. alimwomba yule aliyekuwa akitoka amtaje kwa bwana wake. Mtu yule akatoka, akapewa kazi yake, Shetani akamsahaulisha, na Yusuf akabaki gerezani miaka. Mtu yule hakuwa adui. Alikuwa rafiki aliyeshughulika. Wengi wetu ndio sisi hao.

Kisha mwisho wa sura, Yusuf amekaa katika enzi, na wazee wake na nduguze wako mbele yake, anazitaja neema za Mola wake juu yake. Na neema ya kwanza anayoitaja ni kutolewa gerezani. Hakuona haya kulitaja gereza mbele ya mkutano ule. Lakini kisima hakukitaja. Wafasiri wamesema aliacha kukitaja kisima ili asiwaaibishe nduguze, waliomtia humo. Yeye aliyefungwa alisitiri aibu ya ndugu zake. Sisi ndugu zetu wakifungwa, twawaficha wao kama kwamba ndio aibu yenyewe.

Namwambia kaka wa kijana huyu, kama waraka huu utamfikia, na wako wengi mfano wake: khofu yako naielewa. Arusi ni jambo kubwa, na midomo ya watu haina kufuli. Walakini ukumbi wa usiku mmoja, na pambo lake, na magari yake, vimegharimu kiasi gani, na nauli ya ndugu yako kutoka Migori ni kiasi gani? Na hao wakwe, siku watakapojua, nao watajua tu, watamwona nani kuwa na kasoro: aliyeteleza akalipa, au waliomkana? Kuteleza si kuanguka, wamesema wazee, lakini aliyeteleza akakosa mkono wa kushika huanguka kweli.

Imam Abu Hanifa alikuwa na jirani yake mjini Kufa, mshona viatu, aliyekuwa akifanya kazi mchana na kulewa usiku, na kila alipolewa huimba shairi la mtu anayelalamika kuwa watu wake wamempoteza, na ni kijana gani waliyempoteza. Imam alikuwa akisali usiku, na sauti ile ikimfikia. Usiku mmoja hakuisikia. Akauliza, akaambiwa walinzi wamemkamata, yuko gerezani. Kulipopambazuka alipanda nyumbu wake, akaenda kwa amiri, akamwombea, akatolewa. Wakarudi pamoja, Imam amepanda na mshona viatu yuafuata kwa miguu. Walipofika, Imam akamgeukia akamwuliza: “Kijana, je, tumekupoteza?” Akajibu kwamba hapana, bali umehifadhi na umechunga haki ya ujirani. Na mtu yule akatubia.

Mwanachuoni mkubwa wa zama zake aliijua sauti ya jirani yake mlevi hata akaikosa ilipotoweka. Mimi kijana yule alilala tisa siku katika msikiti ninaosomesha, nami jina la mama yake sikuliuliza.

Katika darsa yetu ya Suna tumekubaliana machache, na tunayaandika ili ndugu wa mwambao watuige au watuongoze penye bora zaidi. Kila mwezi wawili wetu huenda gerezani kwa idhini ya mkubwa wa gereza, na pamoja na kusomesha huuliza kila mmoja siku yake ya kutoka, tukaiandika. Siku hiyo mtu wetu husimama mlangoni. Usiku wa kwanza ndio mgumu: mtu ana njaa, hana pesa, na anayemjua ni aliyefungwa naye. Hulala katika nyumba ya mmoja wetu, wala si msikitini, maana tumejifunza kwa aibu kwamba msikitini kila kinachopotea atakuwa ni yeye. Ofisi ya probesheni pia hushauriwa, nao wana watu wema. Na wake zetu wamechukua upande wa wanawake, ambao hutoka wakiwa na dhiki kubwa kuliko wanaume. Mwanamume hupokewa na mama yake hata akiwa muuaji, na mwanamke huenda asipokewe na yeyote.

Kijana wetu sasa yuko katika karakana ya fundi mmoja Mjaluo, si Mwislamu, ambaye nilipomweleza khabari zake zote alinijibu: “Aje kesho saa moja, aje na kanzu yake ya kazi.” Deni lake limebaki robo. Arusi ya mdogo wake imepita tangu mwezi wa Rajabu. Nauli ya kutoka Migori mpaka Mombasa tumemwekea kando, na fundi ameahidi kumpa ruhusa ya wiki mbili. Anangoja simu.